Somo kwa Vyama vya Msingi: Skrini Isizimike Katikati ya Filamu ya Mafunzo

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, makatibu, makarani na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi wataweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa nini skrini ya kompyuta inayotumia Linux huzimika ilhali filamu inaendelea. Pili, kuizuia isizimike kwa muda wa filamu tu. Tatu, kuhakikisha kwamba ulinzi wa vitabu vya chama haulegezwi kwa sababu ya filamu hiyo.

1. JAMBO LENYEWE

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Wanachama wameitwa mkutanoni kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa ununuzi. Ghala limefagiliwa, mabenchi yamepangwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, na projekta imeunganishwa na kompyuta ya chama. Filamu itakayoonyeshwa ni ya dakika 24. Inafundisha namna ya kutenganisha pamba safi na pamba fifi, namna ya kusoma mizani, na namna ya kulinganisha uzito uliosomwa na ule ulioandikwa katika stakabadhi.

Dakika 5 za mwanzo zinapita salama. Mara shuka linakuwa jeusi. Sauti ya mwalimu inaendelea kusikika katika vipaza sauti, lakini picha haipo. Karani anagusa kipanya; kompyuta inamtaka aandike neno la siri. Analiandika haraka, mbele ya macho ya vijana walioketi karibu na meza, na picha inarudi. Baada ya dakika 5 nyingine jambo lile lile linatokea. Safari hii picha inapotea pale pale mwalimu alipokuwa akionyesha jinsi mizani inavyorudishwa kwenye sifuri kabla ya gunia kuwekwa. Karani anapomaliza kuandika neno la siri, gunia limekwisha kushushwa na uzito umekwisha kuandikwa.

Hapo mzee mmoja anasimama nyuma na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, pamba mmetuonyesha vizuri. Mbona ilipofika zamu ya mizani mmezima?"

Swali hilo si dogo. Karani hakuzima chochote, na mwenyekiti hana la kuficha. Lakini mkulima aliyewahi kupunjwa kwenye mizani hana sababu ya kuamini kwamba kompyuta imejizima yenyewe, tena mahali hasa alipotaka kupaona. Mkutano ulioitishwa ili kujenga imani unaweza kumalizika kwa minong'ono. Kwa hiyo jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linaugusa msingi wa ushirika, yaani kuaminiana kati ya wanachama na viongozi wao.

2. ELIMU NI WAJIBU WA CHAMA

Tangu watu wa Rochdale, Uingereza, walipoanzisha chama chao mwaka 1844, elimu imehesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya ushirika. Miongoni mwa kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, kanuni ya tano ni ya elimu, mafunzo na habari. Chama kinachonunua na kuuza bila kuwafundisha wanachama wake kimefanya nusu ya kazi.

Tanzania ina historia ndefu ya mafunzo ya watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Redio ya betri iliyowekwa mezani ilikuwa na sifa moja kubwa: haikunyamaza kwa sababu tu wasikilizaji wametulia. Kompyuta haina tabia hiyo. Wazee wengi wamekutana nayo ukubwani. Itakumbukwa kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya chombo hicho kufika katika ofisi za vijijini. Si aibu, basi, kwa kiongozi kutojua tabia zake. Aibu ni kutojifunza.

3. KWA NINI LINUX

Linux ni moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Tangu hapo imejengwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuichunguza na kuirekebisha. Ubuntu, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Faida yake kwa chama cha msingi ni wazi. Hakuna ada ya leseni ya kulipa, na kompyuta kuukuu iliyokwisha kuchoka kwa mifumo mingine huweza kuendelea kufanya kazi. Lakini kitu cha bure nacho kina masharti ya matumizi. Jembe la kupewa lisiponolewa halilimi.

4. NANI HUZIMA SKRINI?

Ndani ya kompyuta mna programu inayohesabu muda wa utulivu. Kila mtumiaji anapobonyeza herufi au kusogeza kipanya, hesabu hurudi kwenye sifuri. Asipogusa chochote, hesabu huendelea sekunde kwa sekunde. Katika Ubuntu yenye mandhari ya GNOME, kiwango cha kawaida ni sekunde 300, yaani dakika 5. Muda huo ukitimia, skrini huzimwa. Na mara nyingi kufuli hufungwa papo hapo, hata mtumiaji akirudi ni lazima aandike neno lake la siri.

Desturi hii ina asili yake. Skrini za zamani zilikuwa za bomba la kioo lililopakwa unga unaong'aa. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa siku nyingi, unga ule ulichakaa kwa umbo la picha hiyo, na alama yake haikufutika tena. Ndipo zilipobuniwa programu za kuzima skrini au kuchezesha picha nyingine juu yake, zikaitwa vihifadhi skrini. Moja ya zile za mwanzo ilichapishwa na John Socha nchini Marekani mwaka 1983. Kwa kompyuta za jamii ya Unix, ambamo Linux imo, Jamie Zawinski alitoa XScreenSaver mwaka 1992, nayo ingali inatumika. Skrini za leo hazihitaji sana hifadhi ya namna ile. Desturi imebaki kwa sababu mbili nyingine: kuokoa umeme, na kufunga mlango wa kompyuta mwenyewe anapoondoka.

Programu hii yaweza kulinganishwa na mlinzi wa usiku. Wakazi wa Shinyanga na Geita wanaujua ulinzi wa sungusungu, ulioenea Usukumani na Unyamwezi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mlinzi wa kijiji akiona mlango wa ghala uko wazi na hapana mtu, huufunga. Hufanya vema. Lakini mlinzi wa kompyuta ana kasoro moja: hana macho. Hasikii sauti ya filamu, wala haoni watu mia waliokaa wakitazama. Kitu kimoja tu anachokijua ni mkono juu ya kibodi au kipanya. Mkono usipoonekana kwa dakika 5, huamini kwamba watu wameondoka. Ndiyo maana filamu ya dakika 24 hukatizwa mara 4: katika dakika ya 5, ya 10, ya 15 na ya 20, ikiwa karani ataiwasha upesi kila inapozimika.

5. MLINZI HUAMBIWAJE ASUBIRI?

Waundaji wa mifumo waliliona tatizo hilo, wakaweka utaratibu wa maombi. Programu inayoonyesha filamu hupeleka ombi kwa mlinzi, ikisema jina lake na sababu yake: "Filamu inaendelea, usizime." Mlinzi huliandika ombi hilo katika orodha. Maadamu ombi limo katika orodha, hesabu ya utulivu haiwi na nguvu ya kuzima skrini. Filamu ikisimama au programu ikifungwa, ombi hufutwa, na mlinzi hurudi kazini bila kuambiwa na mtu.

Programu mashuhuri kama VLC na mpv hupeleka ombi hilo zenyewe. Kwa nini basi skrini huzimika? Sababu za kawaida ni nne:

(a) Chaguo la kumzuia mlinzi limeondolewa katika mipangilio ya programu ya filamu, au mfumo wa kompyuta hauelewi ombi linalopelekwa na programu hiyo.

(b) Filamu imesimamishwa kwa ajili ya majadiliano. Kwa programu nyingi, ombi hudumu wakati filamu inapokwenda tu.

(c) Kinachoonyeshwa si filamu bali ni picha mnato, zinazofunguliwa moja moja kwa programu ya kutazamia picha, ambayo huenda haipeleki ombi lolote.

(d) Aliyezima si mlinzi wa skrini. Kompyuta ya mkononi inayotumia betri ina amri nyingine ya kujilaza yenyewe baada ya muda, na projekta nyingi zina saa yao wenyewe. Hao ni walinzi wengine, wala hawasikii amri aliyopewa huyu.

Sababu ya pili inastahili kutazamwa kwa makini, kwani huwapata hasa wale wanaofundisha vizuri. Na uchukuliwe mfano wa kikundi cha ushirika cha wachimbaji wadogo katika Mkoa wa Geita. Wanatazama filamu ya madhara ya zebaki. Filamu inaonyesha kwamba mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ukichomwa wazi, mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mama na watoto walio karibu na moto, ukadhuru ubongo na figo. Na kwamba chombo cha kufungia mvuke, yaani retoti, huukamata ili zebaki ipate kutumika tena. Mwezeshaji mwenye busara haachi filamu iende hadi mwisho. Huisimamisha mahali retoti inapoonekana imefunguliwa, na kuwataka wachimbaji waitaje kila sehemu na kazi yake. Majadiliano yakipamba moto, dakika 5 hupita. Mlinzi huzima picha ya retoti wakati mchimbaji amenyoosha kidole kuionyesha. Filamu iliyowekewa zuio na programu yake haikusaidia kitu, maana imesimama.

6. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Jaribio la dakika 6. Siku moja kabla ya mkutano, filamu iwashwe, na mtu yeyote asiguse kompyuta kwa dakika 6. Kisha filamu isimamishwe, na kompyuta iachwe tena kwa dakika 6. Ikiwa skrini haikuzimika mara zote mbili, kazi imekwisha. Jaribio la dakika 2 halithibitishi kitu, kwa kuwa mlinzi bado hajafikia hesabu yake. Jaribio lifanyike kwa kompyuta na projekta zile zile zitakazotumika, na kwa chanzo cha umeme kile kile.

Hatua ya pili: Kuikagua programu ya filamu. Katika VLC, mipangilio yote ikifunguliwa, sehemu ya video ina kisanduku cha kuzima kihifadhi skrini. Kisanduku hicho kiwe na alama ya vema. Katika mpv, amri ya kumzuia mlinzi imewekwa tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: Kuweka zuio la muda. Hii ndiyo njia iliyo bora kwa mkutano wenye majadiliano. Katika kompyuta yenye mandhari ya GNOME, karani afungue dirisha la amri, aingie katika folda yenye filamu, na kuandika mstari huu mmoja:

gnome-session-inhibit --inhibit idle --reason "Mkutano mkuu" vlc mizani.mp4

Maana yake ni hii: fungua VLC na filamu iitwayo mizani.mp4, na tangu sasa hadi VLC itakapofungwa, utulivu usihesabiwe. Sababu ni mkutano mkuu. Zuio hili halijali kama filamu inakwenda au imesimama. Majadiliano yaweza kuchukua nusu saa, na picha ya retoti itabaki ukutani. VLC ikifungwa, zuio linakufa pamoja nayo. Karani hana haja ya kukumbuka kurudisha chochote.

Kompyuta kuukuu nyingi hutumia mandhari nyepesi ya Xfce. Humo, katika alama ya umeme iliyo kwenye upau, mna swichi iitwayo "Presentation mode", yaani hali ya maonyesho. Ikiwashwa, skrini haizimiki. Katika mandhari ya KDE, alama ya umeme ina swichi ya namna hiyo hiyo ya kuzuia kulala na kufungwa kwa skrini. Swichi hizi hazina budi kuzimwa kwa mkono baada ya mkutano, kwa hiyo awepo mtu aliyetajwa kwa jina kufanya kazi hiyo.

Hatua ya nne: Kubadili muda wenyewe, ikiwa njia zilizotangulia zimeshindikana. Katika GNOME, kwanza muda uliopo usomwe na kuandikwa kwenye karatasi:

gsettings get org.gnome.desktop.session idle-delay

Jibu likiwa 300, maana yake ni sekunde 300. Kisha mlinzi asimamishwe kwa kuandika sifuri:

gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 0

Mkutano ukiisha, amri ile ile iandikwe tena, na mahali pa sifuri pawekwe 300. Sifuri hapa haina maana ya kuzima mara moja, bali ni kutozima kabisa. Wengi wamekosea hapo.

Maelekezo mengi ya zamani hutaja amri ya xset s off -dpms. Amri hiyo ni sahihi kwa kompyuta zinazotumia mfumo wa skrini wa X11. Matoleo mengi mapya hutumia mfumo mwingine uitwao Wayland, ambamo amri hiyo haimzuii mlinzi. Anayetaka kujua kompyuta yake inatumia upi, aandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu litakuwa x11 au wayland.

Hatua ya tano: Kuwakumbuka walinzi wengine. Kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme. Amri ya kujilaza yenyewe isomwe katika mipangilio ya umeme, ya betri na ya umeme wa waya, kwani kila moja ina muda wake. Na saa ya projekta ikaguliwe katika orodha yake yenyewe. Mahali panapotumika jenereta au umeme wa jua, pasiachwe kazi ya dakika ya mwisho.

Wapo wanaotumia dawa ya kienyeji: kijana huwekwa kando ya meza, akaambiwa atikise kipanya kila baada ya dakika 4. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini ina kasoro. Kila kipanya kinapotikiswa, mshale na vitufe hutokea juu ya picha. Tena kijana naye ni mwanadamu. Filamu ikimnoga, husahau kipanya.

7. ASIFUKUZWE MLINZI

Sasa limefika jambo zito kuliko yote katika somo hili. Karani aliyeaibishwa mkutanoni huweza, kwa hasira, kuchagua njia fupi: kuifuta kabisa saa ya kuzima skrini, na kuliondoa kufuli pamoja na neno la siri. Filamu haitakatizwa tena. Lakini kompyuta iliyoonyesha filamu siku ya mkutano ndiyo itakayokaa katika kituo cha kununulia pamba msimu ukifunguliwa.

Na ifikiriwe siku ya ununuzi. Foleni ni ndefu. Karani amefungua orodha ya wakulima, uzito wao na malipo yao. Lori linafika, anatoka kwenda kuhesabu marobota matupu yaliyoletwa. Kompyuta inabaki wazi kwa dakika 20. Mtu anapita mezani, anaigeuza 48 kuwa 84 katika mstari mmoja, na kuondoka. Kompyuta haikuandika jina la mtu huyo. Imeandika jina la karani, kwa kuwa ni karani aliyeingia kwa neno lake la siri asubuhi. Siku ya ukaguzi stakabadhi itasema kilo 48 na kompyuta itasema kilo 84. Karani ataulizwa, naye atasema kweli kwamba hakufanya. Lakini hatakuwa na ushahidi wowote. Mlinzi aliyefukuzwa kwa ajili ya filamu ndiye aliyekuwa shahidi wa pekee wa uaminifu wake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyakati hizi daftari limo ndani ya kompyuta, na kufuli la skrini ndilo jalada lake. Aidha, orodha ya wanachama pamoja na namba zao za simu, akaunti zao na malipo yao ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bodi haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kufuli liliondolewa ili watu watazame filamu.

Njia ya kupatanisha mahitaji yote mawili ipo, nayo haina gharama. Kompyuta ya Linux huruhusu watumiaji kadhaa, kila mmoja na mipangilio yake. Chama kifungue akaunti ya pili iitwayo, kwa mfano, "mafunzo". Akaunti hiyo isiwe na madaraka ya usimamizi, isiweze kuyafungua mafaili ya karani, na iwe na filamu za mafunzo peke yake. Ndani yake saa ya skrini yaweza kuwekwa kutozima kabisa, kwa maana hamna kitu cha kuibwa. Akaunti ya karani ibaki na dakika zake 5 na kufuli lake. Siku ya mkutano karani hutoka katika akaunti yake kabisa, na mwezeshaji huingia katika ile ya mafunzo. Hapo hata neno la siri la chama halitaandikwa tena mbele ya hadhara.

8. FUNZO KWA BODI

Wajumbe wataona kwamba utaratibu wa zuio la muda unafanana na utaratibu wa madaraka katika ushirika. Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya mwisho. Hukabidhi bodi madaraka fulani, kwa kazi fulani na kwa muda fulani. Zuio lililo jema lina mambo matatu: jina la aliyeliomba, sababu ya kuliomba, na mwisho wake. Kompyuta huyadai yote matatu. Chama kisidai pungufu ya hayo kwa mtu anayepewa ufunguo wa ghala au kitabu cha hundi.

Inafaa, basi, bodi ipitishe azimio fupi na kuliandika katika kumbukumbu za kikao: nani ana ruhusa ya kubadili mipangilio ya kompyuta ya chama, mabadiliko yaandikwe katika daftari gani, na nani atahakiki, kabla ya ofisi kufungwa, kwamba mlinzi amerudi kazini. Uhakiki wenyewe ni rahisi. Kompyuta iachwe bila kuguswa kwa dakika 6 katika akaunti ya karani. Skrini ikizimika na kudai neno la siri, chama kiko salama.

Na yule mzee aliyesimama nyuma ajibiwe. Asiambiwe tu kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu, kisha akaketishwa. Filamu irudishwe nyuma hadi mahali pa mizani, ionyeshwe tena bila kukatizwa, na mizani ya chama iletwe mbele ya wanachama irudishwe kwenye sifuri wakiona kwa macho yao. Mzee huyo hakukosea kuuliza. Mwanachama anayeuliza kuhusu mizani ndiye anayekilinda chama.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Filamu ina dakika 32, na skrini ya kompyuta ya chama huzimika baada ya dakika 10. Ikiwa hakuna zuio, na karani huiwasha papo hapo kila inapozimika, filamu itakatizwa mara ngapi, na katika dakika zipi?

2. Kwa nini programu ya filamu huweza kumzuia mlinzi wakati filamu inapokwenda, lakini ikashindwa wakati wa majadiliano? Ni hatua ipi katika somo hili inayoondoa kasoro hiyo?

3. Karani anasema: "Nimeondoa neno la siri ili kuwarahisishia kazi wote." Mjumbe wa bodi amjibu nini? Toeni sababu mbili: moja ya kuwalinda wanachama, na moja ya kumlinda karani mwenyewe.

4. Katika chama chenu, ni nani mwenye ruhusa ya kubadili mipangilio ya kompyuta? Je, jambo hilo limeandikwa mahali popote?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya kikao kijacho cha bodi, karani na mjumbe mmoja wafanye jaribio la dakika 6 kwa filamu inayokwenda, kwa filamu iliyosimama, na kwa kompyuta isiyo na filamu. Matokeo matatu yaandikwe na kusomwa kikaoni. Katika mawili ya kwanza skrini isizimike. Katika la tatu izimike. Matokeo yakiwa kinyume cha hayo, hatua za sehemu ya 6 zifuatwe upya, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akitenda.